Mashua Isiyo na Nahodha

Juzi tulikuwa Garissa, tumeketi barazani na wazee baada ya swala ya Alasiri. Televisheni ya mkahawa wa jirani ilikuwa ikirudia mashindano ya makasia ya wanawake katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Mabinti wawili wawili, mashua nyembamba mfano wa ala ya jambia, maji yametulia kama kioo. Mzee mmoja alitazama kwa muda, kisha akauliza: "Maalim, wewe ni mtu wa bahari. Hawa mbona wanakwenda kinyumenyume? Na nahodha wao yuko wapi?"

Swali hilo halikujibika kwa neno moja, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mashua ya mchezo huu ina urefu wa mita 10 hivi na uzito usiopungua kilo 27. Ndani yake wamo wawili, kila mmoja na kasia moja tu, huyu upande huu na yule upande ule. Njia wanayokwenda wameipa mgongo. Hapana mtu wa kuwashikia usukani. Mmoja wao huugeuza kwa mguu huku anavuta. Masafa ni mita 2,000. Akizidisha nguvu mmoja, chombo kinapinda. Akilegea mmoja, kinapinda vilevile. Wahenga walituambia kuwa wengi wa manahodha chombo huenda mrama. Hapa hapana nahodha hata mmoja, na chombo kinakwenda sawa, maadamu hao wawili wamekuwa na pumzi moja.

Wanaume walianza kushindana kwa makasia katika Olimpiki mwaka 1900. Wanawake walingojeshwa hadi Montreal, mwaka 1976, na hata hapo wakapewa mita 1,000, kana kwamba mita 1,000 nyingine zingewaua. Masafa kamili waliyapata mwaka 1988. Katika mashua ya wawili, washindi wa kwanza kabisa, mwaka huo wa 1976, walikuwa Wabulgaria. Huko Paris dhahabu ilikwenda kwa Waholanzi, wakifuatwa na Waromania na Waaustralia.

Lakini habari itufaayo zaidi ni ya London. Tarehe 1 Agosti 2012, Helen Glover na Heather Stanning waliipatia Uingereza dhahabu yake ya kwanza katika michezo ile. Stanning alikuwa afisa wa jeshi. Glover alikuwa mwalimu wa michezo, naye alianza kujifunza makasia mwaka 2008 tu, baada ya kupatikana katika mpango wa kutafuta vijana warefu. Mwaka 2016, huko Rio, wakashinda tena. Basi na tuwatazame mabinti wa Garissa, Wajir na Mandera, na kimo walichojaliwa na Mola wao, tujiulize: ni nani aliyepata kwenda kuwapima? Jirani zetu wa Uganda walimpeleka Kathleen Noble katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akawa mpiga makasia wa kwanza wa nchi hiyo kufika huko, na mwaka 2024 akaenda tena.

Hapo mzee wa pili alikohoa. "Maji si mahali pa mwanamke," alisema, "seuze mwanamke wa Kiislamu."

Tulimjibu kwa heshima anayostahiki. Chuoni tulisomeshwa kwamba Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume, akamshinda. Na siku nyingine, baada ya miaka kupita, Mtume naye akamshinda. Kama ushindani wa mwanamke ungekuwa aibu, hadithi hiyo isingetufikia. Ama kuhusu stara, mwaka 2008 huko Beijing bendera ya Iran ilibebwa na Homa Hosseini, mpiga makasia, naye alishindana kichwa chake kikiwa kimefunikwa. Stara haikumzuia kuvuta kasia.

Wala nguvu si jambo geni kwa wanawake wa huku. Katika maisha ya kuhamahama ya Wasomali, ni mwanamke aijengaye nyumba ya familia, aqal, na ni yeye aibomoaye na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Wana nyimbo zao za kazi, na wana utenzi wao wenyewe, buraanbur, wenye mizani isiyochezewa. Anayejua kufanya kazi kwa mizani amekwisha jifunza nusu ya mchezo wa makasia. Na ukishuka mto kwa Wapokomo utawakuta wanawake ambao mtumbwi kwao si ajabu, ni njia ya kwendea shamba.

Lakini, msomaji mpenzi, usidhani kwamba twaililia medali peke yake. Garissa tunaijua kama mji wa ngamia na vumbi, tukasahau kwamba umekaa ukingoni mwa Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 ziliufurisha mto huo, barabara ya Garissa na Madogo ikakatika. Haikupita miezi mingi, mafuriko yakarudi. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua iliyokuwa imejaa abiria ilipinduka huko Kona Punda. Watu 23 waliokolewa; wengine hawakuwahiwa. Mahali palipokuwa pa gari siku chache kabla, pamekuwa pa mashua, na aliyepanda hakupewa hata siku moja ya kujifunza maji.

Sasa tuulize bila kificho: maji yanapoingia nyumbani, ni nani anayekuwa na watoto mikononi? Ni mama. Na mama huyo tumemwambia tangu utotoni kwamba maji si yake. Huu ndio msiba tunaoutaka uangaliwe.

Hatusemi mabinti watupwe mtoni kesho. Tana ina mamba na viboko, na mashua ya mashindano haiwezi mkondo ule hata dakika moja. Twasema kila jambo lianze mahali pake. Zipo mashine za kupigia makasia nchi kavu. Mashine kama hizo zikiwekwa katika ukumbi wa shule ya wasichana, na mwalimu mwanamke, hapatakuwa na mzee wa kukohoa. Kuogelea kufundishwe bwawani, wanawake peke yao, kwa saa zao. Wakiiva, waletwe Mombasa, ambako zipo hori za maji matulivu. Na kwanza kabisa, vijiji vya kingo za mto viwe na mashua imara, makoti ya kuokolea maisha, na wanawake wawili wawili waliofunzwa kuiendesha. Medali, ikija, itakuwa ni faida juu ya mtaji.

Yote haya yataka fedha, nasi twajua kwamba kaunti za kaskazini mashariki zina ukame wa kuhangaikia kabla ya makasia. Lakini ukame na mafuriko hupokezana zamu kwa watu walewale, na anayejiandaa kwa kimoja tu amejiandaa nusu. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo tunazoomba hapa ni chache.

Tulipoagana, yule mzee wa kwanza alirudia swali lake la nahodha. Tulimwambia kuwa katika mashua ile kila mmoja humsikiliza mwenzake. Akanyamaza, kisha akasema ana wajukuu wawili, mapacha, wanaosoma darasa la saba, na hakuna ajuaye kuogelea. Mvua za masika haziko mbali.