Kupona roho si kwa wenye pesa tu

Wasee, siku hizi warsha za kuchora na kucheza ngoma "upone roho" zinauzwa kwa tiketi kama konsati. Sanaa siipingi: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitia tafiti zaidi ya 3,000, likaona inasaidia mwili na akili. Mimi napinga bei ya mlangoni. Sisi tulioacha chuo, mawazo yametujaa kichwani, tutaitoa wapi?

Mwaka 1977 pale Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa, wakaigiza na kuimba maisha yao. Serikali ikaogopa, ikapiga marufuku. Hiyo ndiyo nguvu ya kuimba pamoja.

Ukumbi wa mtaani kwetu una kufuli wiki nzima. Ufunguliwe Jumamosi. Rangi na ngoma tutachanga; ya moyoni tuko nayo tele.