Kabla ya Trekta Mpya, Lipeni Fundi

Kila tukikaribia uchaguzi kuna mtu anatuahidi trekta. Zinapangwa uwanjani, zinafungwa utepe, mheshimiwa anapanda moja, anashika usukani, picha zinapigwa. Bado sijasikia kwenye sherehe hizo mtu akitaja pesa za spea, wala makanika wangapi wameajiriwa. Na mimi nasema hilo ndilo la kuuliza kwanza, kwa sababu trekta isiyo na fundi inalima msimu mmoja au miwili, halafu kuku wanaanza kutagia chini yake.

Ukizunguka Kitui na Makueni wakati wa kulima, bado utakutana na Massey Ferguson 135. Trekta hiyo ilianza kuundwa 1964 huko Coventry, Uingereza, na ikaacha kuundwa huko miaka ya 1970. Yaani ni ya rika la babu yako, na bado inavuta plau. Watu husema "vitu vya zamani vilikuwa imara." Si kweli kabisa. Bado iko hai kwa sababu kuna mtu, kila mwaka, anayeifungua na kuifunga tena.

Angalia pampu ya haidroliki. Ndiyo inayosukuma oili ili mikono ya nyuma iinue plau. Kwenye 135 imefichwa ndani kabisa, chini ya kiti, ikiogelea kwenye oili ileile ya giaboksi. Huwezi kuiona wala kuigusa. Mikono ikigoma, kila mtu anapiga kelele "pampu imekufa!" na muuzaji wa spea yuko tayari kukuuzia nzima.

Oktoba iliyopita nilikuwa karibu na Kathonzweni, trekta ya mjomba ilipogoma hivyo hivyo. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na majirani walikuwa kwenye foleni ya kulimiwa. Kwetu Ukambani mvua ya vuli ndiyo ya kutegemewa. Ukichelewesha ndengu wiki mbili, mvua inaweza kukatika ikiwa bado inatoa maua.

"Mzee, ni pampu?" mjomba akauliza.

"Pampu haijasema kitu bado," fundi akajibu. "Washa."

Akapima oili kwanza. Akaangalia kama shafti ya PTO inazunguka, kwa sababu ndiyo inayoendesha pampu. Akainua mikono bila plau: ikapanda. Na plau: ikapanda kidogo, ikatetemeka. Akazima injini, na plau ikashuka hapo hapo. Kisha akafungua kifuniko cha pembeni, akamulika na tochi ya simu huku injini ikinguruma. Oili ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye silinda ya kuinulia. Pampu ilikuwa inafanya kazi yake; presha ndiyo iliyokuwa inatoroka mbele ya safari.

Wakatoa kiti, wakafungua bolti, wakanyanyua kifuniko kizito cha juu kwa cheni iliyofungwa kwenye mti. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika. Akaweka mpya, akabadilisha sili, na kwa vile palikuwa wazi tayari akasafisha chujio la pampu. Kesho yake trekta ilikuwa shambani.

Sasa niambie, kazi hiyo inaitwaje? Akifanya daktari tunaita uchunguzi. Akifanya huyu mzee mwenye ovaroli ya mafuta tunaita "jua kali", halafu tunaanza kubishana naye bei. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na watu wananiuliza kila siku nitapata wapi karatasi. Hakuna anayeuliza mbona kaunti haiwezi kumwajiri fundi huyu, ilhali jibu ni hilo hilo: hana karatasi.

Utasema nataka tubaki na vyuma vya enzi za Mzee Kenyatta. La. Leteni mpya, lakini someni kinachoendelea kwingine. Wakulima wa Marekani wamepigana miaka kwa ajili ya haki ya kutengeneza trekta zao wenyewe, kwa sababu zimejaa kompyuta ambazo kampuni pekee ndiyo inaweza kuzifungua. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria 2023 ya kuwalazimisha watengenezaji kuwapa wakulima vitabu vya maelekezo, spea na vifaa. Januari 2025 serikali kuu yao ikaishtaki John Deere kwa jambo hilo. Wao wanadai mahakamani kile fundi wetu anafanya chini ya mti, na sisi tunakidharau.

Kwa hivyo madai yangu ni haya. Hakuna trekta inunuliwe na kaunti bila kitabu cha ufundi, spea za miaka kadhaa na bajeti ya matengenezo iliyoandikwa. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma ipo tangu 2014, na ujuzi uliopatikana nje ya darasa unaweza kupimwa na kupewa cheti. Basi wapimeni hawa wazee, wapeni vyeti, waajirini. Na kila mmoja apewe vijana wawili wa kufunza, walipwe wakijifunza, kwa sababu fundi wa mjomba amepita miaka sitini na hana mwanafunzi hata mmoja.