GIA, KOMPYUTA NA HESABU YA MWANAFUNZI

Ashukaye mteremko wa Sekenke kwa barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hufika Shelui, mji mdogo wa Wilaya ya Iramba. Mkoa huu ni wa alizeti, na mafuta yake hukamuliwa kwa mashine ambazo ndani yake mna gia, yaani magurudumu ya chuma yenye meno. Kazi ya gia hizo ni kupunguza mwendo wa mota au injini na kuongeza nguvu ya kuzungusha parafujo ikamuayo mbegu. Meno yakivunjika mashine husimama, na mkulima hurudi nyumbani na magunia yake.

Siku hizi kijana wa sekondari aweza kupata programu ya kompyuta ya kusanifia gia, kama vile FreeCAD, pasipo malipo yoyote. Ikiisha kuwekwa katika kompyuta, hutumika hata mahali pasipo na intaneti. Hapana shaka hii ni neema. Hata hivyo, mwanafunzi anayeanza asiifungue programu hiyo kabla hajaishika gia iliyovunjika, akayahesabu meno yake na kufanya hesabu kwa kalamu.

Sababu yake ni hii. Programu humwomba mtumiaji mambo machache tu: idadi ya meno, moduli, na pembe ambayo kwayo jino moja husukuma jenzake, ambayo kwa kawaida ni digrii 20. Moduli ni kipenyo cha duara la mguso, kwa milimita, kikigawanywa kwa idadi ya meno. Na duara la mguso ni lile duara la kufikirika ambapo gia mbili hukutana. Mwanafunzi asipojaza chochote, programu hutumia tarakimu zake yenyewe na kuchora gia nzuri mno. Uzuri huo ndio mtego.

Chukua mfano wa gia ndogo yenye meno 18, inayoizungusha kubwa yenye meno 54. Uwiano ni 3. Ndogo ikizunguka mara 450 kwa dakika, kubwa huzunguka mara 150. Mwanafunzi apima kipenyo cha nje cha gia ndogo, akapata milimita 84.7. Kanuni yasema kipenyo cha nje kigawanywe kwa idadi ya meno ikiongezwa 2, basi 84.7 gawanya kwa 20 ni 4.235. Kwa kuwa moduli ya 4 ndiyo iliyozoeleka, aandika 4, na kompyuta yachora gia zote mbili bila kulalamika.

Kumbe mashine ile iliundwa kwa vipimo vya inchi, meno 6 kwa kila inchi moja ya kipenyo, na moduli yake halisi ni 25.4 gawanya kwa 6, yaani 4.233. Umbali baina ya vitovu vya mihimili miwili ni milimita 152.4, ambazo ni inchi 6 kamili. Gia mpya zina nusu-vipenyo vya nje vya milimita 40 na 112, jumla 152. Zikifungwa mahali pake, ncha za meno zitapishana kwa milimita 0.4 pasipo kugusana kamwe. Fedha za chuma na za fundi zimepotea. Kompyuta haikukosea, iliulizwa habari za moduli 4, ikajibu habari za moduli 4. Laiti mwanafunzi angalipima umbali wa mihimili na kuulinganisha na hesabu yake, angaligundua kosa kabla chuma hakijakatwa.

Tena, kuchora umbo la jino si kupima nguvu zake. Tangu mwaka 1892 mhandisi Mmarekani Wilfred Lewis alionyesha jinsi ya kukadiria mzigo ambao jino laweza kuubeba, kwa kuzingatia upana wake, umbo lake na aina ya chuma. Mchoro wa gia ya chuma laini na wa gia ya chuma kigumu hufanana kabisa, hutofautiana kazini.

Wako wasemao kwamba somo hili lingoje kwanza kompyuta zitoshe shuleni. Hoja hiyo haina nguvu, kwani sehemu kubwa ya somo haihitaji kompyuta. Baiskeli yatosha: wanafunzi wahesabu meno ya mbele na ya nyuma, wakokotoe gurudumu litazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali, kisha watie alama ya chaki kwenye tairi na kuhakikisha. Walimu wa fizikia na hisabati waweza kuanza hivyo muhula huu huu. Mwanafunzi aliyepita njia hiyo, siku atakapoketi mbele ya programu, atajua aulize nini, na jibu lenye kasoro atalitambua.