Sarafu Haina Jini

Karata za mpwa wangu zilichomwa moto Jumapili moja jioni, nyuma ya nyumba yetu ya Nkuhungu, Dodoma. Zilikuwa 52, zimechakaa kingo kwa kuchangwa usiku na mchana. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Kosa lake ni kwamba mbele ya wageni wa bibi yake alichukua sarafu ya shilingi 500, akaifumbata, akaipuliza ngumi, akafungua mkono mtupu, kisha akaitoa sarafu ileile nyuma ya sikio la mama mmoja jirani. Yule mama alipiga yowe. Kesho yake walikuja watu watatu kumwombea mtoto, na kufikia Jumapili shauri lilikuwa limekatwa: simu ikachukuliwa, karata zikamwagiwa mafuta ya taa. Mimi nilikuwa safarini Singida. Niliporudi nilikuta majivu, na kijana haongei na mtu.

Ningeyaacha haya ndani ya familia kama yangekuwa ya familia moja. Lakini imani iliyowasha ule moto nimeisikia kwa walimu, kwa wachungaji, kwa watumishi wa serikali wanaokaa Area C na Ilazo, watu wenye shahada: kwamba kijana anayejifunza mazingaombwe kwenye simu anafungua mlango wa majini, na wengine huongeza kwamba anaandikishwa ufreemason bila kujua. Imani hiyo ni ya uongo. Tena ina madhara makubwa kuliko karata, na wanaofaidika nayo ni matapeli.

Nianze na alichokuwa anafanya mtoto huyu, kwa sababu waliomhukumu hawakumuuliza. Alikuwa ananunua bando la usiku, anaangalia video za Mmarekani mmoja anayefundisha kuficha sarafu kiganjani. Siri yenyewe inaelezwa kwa dakika mbili. Sarafu inabanwa kati ya nyama iliyo chini ya kidole gumba na nyama ya upande wa pili wa kiganja, vidole vikiwa vimelegea kama vya mtu asiyeshika kitu. Mkono mmoja unajifanya umeichukua, unafunga ngumi, unaondoka. Mkono wenye sarafu unabaki nyuma, umetulia. Basi. Ila mwalimu yule anatumia nusu dola, sarafu ya zaidi ya milimita 30, na yetu ya 500, yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ni ndogo kuliko hiyo. Ikabidi kijana atafute mwenyewe mahali pake kiganjani. Alifanyia mazoezi juu ya godoro ili ikidondoka isipige kelele sakafuni. Ilidondoka kwa miezi minne.

Na video haikosoi mtu. Inaonyesha, inarudia, inapunguza mwendo, lakini haimwoni anayejifunza. Kosa lake kubwa, la kuutazama mkono uliobaki na sarafu, aliambiwa na mdogo wake wa miaka sita: "Kaka, iko huku." Akaanza upya mbele ya kioo, akijifunza kuyatuma macho yake kwenye ngumi tupu mpaka yeye mwenyewe aamini kwamba sarafu imo. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na hakuna bando linaloinunua. Kama ingekuwa kazi ya jini, sarafu isingedondoka hata siku moja.

Sisi watu wa Dodoma tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki mwaka 2003, aliipigia dunia nzima ilimba, ala ya vipande vya chuma, na vidole gumba vyake vilikwenda kasi kuliko jicho la msikilizaji. Tulisema ana kipaji, ana mazoezi, amelelewa ndani ya ngoma. Kidole kikikimbia juu ya chuma tunaita sanaa. Kikikimbia juu ya sarafu, kwa nini tuite pepo? Lugha yetu wenyewe imeshajibu. Tunasema kiinimacho, neno lililoundwa kwa kiini na macho. Waliolitunga walijua kwamba jambo hili linatendeka kwenye jicho la mtazamaji, wala hawakulipa jina la mzimu. Na wenye umri wangu tunawakumbuka wale wa mazingaombwe waliokuja shuleni, wakikusanya kiingilio kwa wanafunzi, kisha wakigeuza karatasi kuwa noti. Hata sisi watoto tuliulizana njiani kurudi nyumbani: anayeweza kutengeneza noti anataka nini na shilingi zetu?

Sasa nimtaje anayefaidika. Wengi tumemwona kwenye stendi na minadani, ameweka boksi chini na karata tatu juu yake. Anakuonyesha ree ya kopa na mbili nyeusi. Anashika mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, ree ikiwa chini, na wewe unaamini anayoitupa kwanza ni ile ya chini kwa sababu ndiyo uliyoonyeshwa. Kidole chake kinaachia ya juu. Hapo umeshapotea, hata ukikodoa macho vipi, na wanaoshinda mbele yako wote ni wenzake. Mkulima aliyekuja mjini kuuza alizeti, akaliwa hela pamoja na nauli ya kurudi Kondoa, husema alifanyiwa dawa. Akishasema hivyo hana la kujifunza wala la kuwaonya wenzake, kwa sababu dawa haina maelezo. Kesho mwingine wa kijiji kilekile ataliwa. Mtoto aliyejifunza karata kwa miezi miwili angemshika mkono akamwambia: baba, tazama kidole cha shahada.

Au tuingie soko la Majengo. Muuza nyanya akikuta hesabu ya jioni imepungua, atasema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela za mwenzako, na fikra zake zitamrudisha kwa mteja wa kwanza wa asubuhi, mara nyingi bibi kizee aliyenunua fungu moja. Wezi wa mikono hawafikirii. Wapo wanaokunja noti moja katikati na kuichomeka kati ya nyingine ili ihesabike mara mbili. Wapo wanaotoa noti kubwa, wakangoja uiname kuchukua mfuko, wakairudisha kiganjani na kuacha ndogo, kisha wakadai chenji ya ile kubwa. Sisemi kila upungufu unatokana na mikono hiyo; mwingine ni hesabu mbaya tu. Ninachosema ni kwamba anayeijua mbinu hii atachunga mikono ya wateja, na asiyeijua atamchunga bibi kizee.

Na kuchungwa kwa bibi kizee si jambo dogo katika nchi hii. Wazee wetu, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, Kanda ya Ziwa zaidi lakini si huko peke yake, na wengine ushahidi uliotajwa dhidi yao ulikuwa macho mekundu, macho ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote. Nyuma ya tuhuma za namna hiyo mara nyingi yupo mpiga ramli aliyemwonyesha mteja kitu: mfupa uliotoka mgongoni, pembe iliyofukuliwa uani, hirizi iliyokutwa chini ya kitanda. Kilitoka wapi kitu hicho? Kilitoka palepale sarafu ya mpwa wangu ilipotoka, kati ya nyama ya kidole gumba na nyama ya upande wa pili wa kiganja. Mwezi Januari 2015, nchi ikiwa na uchungu wa mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku waganga wasio na kibali na wapiga ramli. Ilifanya vyema. Lakini marufuku haimfundishi mtu jinsi mfupa unavyojificha mkononi, na asiyejua hilo ataendelea kumtafuta mpiga ramli usiku.

Historia yetu inayo mifano ya asiyejua kutawaliwa na anayejua. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti, aliingia nchi ya Wamasai akiwa na meno mawili ya bandia na chumvi ya tumbo inayotoa povu ikitiwa maji. Aliyachomoa meno mbele za watu akayarudisha, akaifanya chumvi iteme povu, akapokewa kama mganga mkubwa wa kizungu, laiboni kwa Kimasai. Si kwamba Wamasai walikosa akili. Hakukuwa na mtu wa kuwaambia meno yale yanatengenezwa vipi. Ulaya nako walikuwa na msiba wao. Mwaka 1584, wakati Uingereza ikinyonga wanawake kwa uchawi, Reginald Scot wa Kent alichapisha kitabu kizima cha kuwatetea, The Discoverie of Witchcraft. Humo alieleza, hatua kwa hatua, jinsi sarafu inavyopotea mkononi na jinsi karata inavyobadilishwa. Aliifichua mbinu ili hakimu na jirani waone kwamba cha ajabu si lazima kiwe cha shetani. Anachoangalia mpwa wangu kwenye simu ni uzao wa kurasa zile.

Najua jibu linalonisubiri: ukimfundisha mtoto kuficha sarafu, umemfundisha wizi. Nimelifikiria kwa dhati, kwa sababu ni mtoto wa dada yangu. Mwizi wa stendi hakungoja YouTube ianzishwe mwaka 2005 ndipo ajue kazi yake. Mbinu zote wezi wanazo. Aliyezikosa ni anayeibiwa, na video zimempelekea bure kile ambacho zamani kilipita kwa siri toka mwizi hadi mwizi. Kijana anayefanya mchezo huu mezani kwa bibi yake, taa ikiwaka, akisema ni mchezo na sarafu akiirudisha kwa mwenyewe, yuko upande wa pili kabisa wa mtu anayekuambia ana nguvu na kukutoza kuku mweusi.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba nyumbani kwetu tulikosea, na nimemwomba kijana radhi mbele ya bibi yake. Karata nyingine nimemnunulia. Nawaomba wazazi wenzangu wa Dodoma, wa Bahi, wa Chamwino na Mpwapwa, na kwa salamu ya Kigogo nasema mbukwenyi: siku mwanao akikuonyesha sarafu inayopotea, usiite mtu wa kumwombea. Mwambie arudie taratibu, na kabla hajaifungua ngumi, mshike ule mkono mwingine.