Steringi Hafi

Vijana wa mabanda ya video wana msemo wao: steringi hafi. Atapigwa risasi, ataangukiwa na nyumba, lakini mwisho wa picha atasimama. Msemo huo nimeusikia miaka mingi hapa Isevya, na leo nataka kubishana nao, maana ndani yake imo aibu yetu.

Jumamosi moja ya mwaka 1996 nilikaa benchini katika banda la jirani, chini ya mwembe, tukatazama The Italian Job. Ni picha ya Uingereza ya mwaka 1969. Charlie Croker, ambaye ni Michael Caine, ametoka gerezani juzi tu, na tayari anapanga kuiba dhahabu ya dola milioni nne katika mji wa Turin, Italia. Wenzake wanaivuruga kompyuta inayoongoza taa za barabarani, mji mzima unakwama kwa magari. Hapo ndipo vinapochomoka vigari vitatu vya Mini Cooper, chekundu, cheupe na cha buluu, vimesheheni dhahabu. Vinateremka ngazi za mawe, vinapita katikati ya waenda kwa miguu, vinapanda hadi juu ya paa la kiwanda cha Fiat, polisi wako nyuma wanahangaika. Kijana aliyetutafsiria alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Tulicheka mpaka machozi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaombea polisi wawahi.

Jumanne yake asubuhi nikasikia: "Mwizi! Mwizi!" Kijana alikuwa anakimbizwa juu ya baiskeli iliyosemekana si yake. Huyu hakuwa na mwenzake wa kuwazibia njia wanaomfukuza. Mnyororo ulichomoka, akaanguka. Nilipofika, walikwisha kumzunguka, na wawili kati yao niliwajua: Jumamosi tulikaa benchi moja. Yakaanza mawe, likaja tairi, yakaja mafuta ya taa. Mimi sikurusha jiwe. Wala sikufumbua kinywa.

Vifo vya namna hii magazeti yetu huvieleza kwa maneno manne: wananchi wenye hasira kali. Nayachukia maneno hayo. Ni hasira gani hiyo inayopata nafasi ya kwenda kutafuta tairi, kuuliza nani ana kiberiti, na kusubiri?

Nitaambiwa kwamba sijawahi kuibiwa baiskeli. Nimeibiwa. Najua kwamba hapa Tabora baiskeli ni mkaa, ni maji, ni mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nitaambiwa pia kwamba ukimpeleka mwizi kituoni, kesho unakutana naye sokoni. Huenda ni kweli. Basi tuwabane polisi, tuibane mahakama, twende kutoa ushahidi tunapoitwa badala ya kujificha. Katiba yetu, katika ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi. Haikusema isipokuwa mwenye baiskeli ya wizi. Na moto ule haukumrudishia mtu chochote.

Wazee wenzangu husema picha hizi zinafundisha wizi. Sikubaliani nao. Wizi ulikuwapo kabla ya video. Picha ile ilitufundisha jambo jingine, nasi hatukulishika: kwamba mwizi naye ana sura, ana jina, ana utani wake. Tulikaa na Charlie zaidi ya saa moja na nusu, ndiyo maana hatukutaka afe. Yule wa Jumanne hatukumpa hata dakika ya kumuuliza jina.

Wala tusidanganyane kwamba mji huu hauvumilii uporaji. Sisi ni watu wa njia ya misafara. Tippu Tip alipita hapa. Utajiri wake ulitokana na pembe na watumwa, akafa Unguja mwaka 1905, mzee mwenye jina lake, na mpaka leo tunamsimulia kwa mshangao. Hakuna aliyemvisha tairi. Kwetu sisi, mwizi mkubwa ni hadithi, kibaka ni kuni.

Picha ile inaishia pabaya. Basi la wezi limening'inia ukingoni mwa mlima, dhahabu upande wa nyuma, wao upande wa mbele. Akisogea mmoja, wote wanaporomoka. Inakwisha hapo hapo, hatuambiwi kama walipona. Banda zima lilisimama kulalamika. "Waokolewe!" watu walipiga kelele, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Siku tatu baadaye palihitajika mtu mmoja tu wa kupiga kelele ile ile, nami nilikuwapo.