Televisheni mpya, ukungu ule ule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwaonye walimu wenzangu wanaokopa ili wanunue televisheni za picha angavu ziitwazo HD. Mimi nilikopa. Filamu ya Hatari! ya John Wayne, iliyopigwa huku kwetu Meru na kutolewa mwaka 1962, ilirekodiwa kwa mkanda wa sinema. Sasa naona hata vumbi wanalotimua vifaru. Hapo sijuti. Lakini nizipendazo hasa ni filamu zetu za Kibongo, nazo ninazo kwenye DVD zenye mistari 576 tu. Kioo cha mistari 1080 hakiongezi kisichokuwemo, kinakuza ukungu. Muuzaji hakunieleza, na mshahara wangu utakatwa hadi mwakani. Wauzaji watueleze kabla ya kupokea fedha zetu.

Mwalimu,
Kijenge, Arusha.