Malipo Hayachelewi Yenyewe

Tumezoea kufundishwa kwamba vitenzi vya Kiswahili ni mafungu mawili: elekezi, vyenye kuhitaji yambwa, na si elekezi, visivyoihitaji. Mwanafunzi hukariri mstari huo, akapata alama yake, na somo likaishia hapo. Mimi nasema fungu hilo la pili si fungu bali ni jaa. Kimetupwa humo kila kisichotoshea kwingine, na gharama ya uvivu huo hailipwi darasani.

Kuna cheka na kuna oza. Vyote viwili si elekezi, lakini anayecheka anatenda, ilhali embe lililooza limepatwa. Mtu huamrishwa acheke, akacheka, kumwambia "oza!" ni kumlaani. Hata -me- yavitenga: "embe limeoza" ni hali iliyo mbele yetu sasa, "mtoto amecheka" ni tendo lililokwisha. Kisha viko vya -ka, vunjika na haribika, vilivyozaliwa na vitenzi elekezi na kumwacha mtendaji nje ya mlango. "Kikombe kimevunjwa na mtoto" ni sawa. "Kimevunjika na mtoto" sikio la Mswahili linakataa.

Sasa tuvitazame nje ya daftari. Chukua Kilimarondo, kata ya wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, nchi ya korosho. Mvua zikishika, husemwa barabara "haipitiki", na lawama akabebeshwa udongo. Reli iliyofika Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, husemwa "ilikufa". Haikufa. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa. Reli haing'oki kama jino la mtoto. Na mwaka 2018, serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi wa kusini wakakaa miezi bila kuiona fedha, ikasemwa malipo "yamechelewa".

Chelewa! Kitenzi chenye sura ya kutendwa na kisicho na mtenda wa kutajwa. Asili yake ni kucha kwa usiku: aliyechelewa ni aliyekuchiwa na jua, na nani atalishitaki jua? Ongeza silabi moja tu, useme "yamecheleweshwa", na mara msikilizaji atataka jina.

Watakuja wa kuniambia kwamba huu ni ubishi wa wanasarufi, na kwamba lugha haina kosa. Kweli, lugha haina kosa. Imetupa kila chombo. Fa ni si elekezi, lakini mjane "amefiwa na mumewe", na aliyeumizwa na kifo akakaa mbele ya sentensi. "Korosho zimeoza" ni habari ya korosho. "Korosho zimewaozea wakulima" ni habari ya watu. Mwalimu asiyemwonyesha mwanafunzi tofauti hiyo amemfundisha nini?

Washairi nao hawajasalimika. Waipenda -ika kwa kuwa inawapa kina cha "ka" bila jasho, na beti saba zikapita nchi inaharibika, ahadi zinavunjika, mali inafujika, pasiwe na hata mmoja aliyeharibu, aliyevunja wala aliyefuja. Tungo ya namna hiyo ingefaa irudishwe kwa mwenyewe aitie -wa, hata kina kikimharibikia.